Mkate wa Mgeni na Chai ya Mtoto



Juma lililopita niliamka mapema kuliko desturi yangu, nikakaa barazani kwangu hapa Chake Chake na kikombe changu cha chai, nikawa nawatazama watoto wakipita kwenda skuli. Wengine walishika andazi, wanatafuna huku wanakimbia. Mmoja alikuwa akifyonza barafu ya rangi, na saa ilikuwa moja kasorobo ya asubuhi. Wengi hawakuwa na kitu mkononi. Nikamwita mtoto wa jirani yangu, nikamwuliza kama amekunywa chai. Akanijibu kwa adabu, "Nimeshakunywa, bibi." Nikamwuliza, "Umekunywa na nini?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Na sukari," akasema, akakimbilia wenzake.

Jibu hilo limenifanya niyaweke kando mazungumzo niliyoyatayarisha kwa wiki hii. Nitayasoma siku nyingine inshallah. Leo nataka tuzungumze habari ya chai ya asubuhi, na mwishoni nitawapa upishi wa vikeki vya ndizi ambao mimi mwenyewe naufanya. Najua wapo watakaosema kwamba mama huyu amezeeka, sasa anasoma mapishi redioni. Nawaomba wanivumilie kidogo, maana kabla ya upishi nina deni la kulieleza.

Nimefundisha katika skuli za kisiwa hiki kwa zaidi ya miaka 30. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa na darasa la nne katika skuli moja ya shamba ambayo sitaitaja jina. Darasani alikuwamo mtoto mmoja wa kiume, mpole, mwenye mwandiko mzuri, ambaye kila ikifika saa tatu hivi alikuwa analala. Simuoni akicheza wala akipiga kelele. Analaza kichwa juu ya daftari, basi. Nikamkanya mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu nilimpiga rula ya mkononi, nikamwambia asimame pembeni ya ubao mpaka kipindi kiishe. Alisimama. Baada ya dakika chache nikasikia kishindo nyuma yangu, nikageuka, nikamkuta yuko chini.

Tulimpepea, tukampa maji yenye sukari, akazinduka. Nikamchukua mimi mwenyewe kumrudisha kwao. Nyumbani hapakuwa na mtu ila bibi yake mzee asiyeona vizuri. Mama alikuwa pwani. Zilikuwa siku za bamvua, na wale mnaojua kazi ya mwani mnaelewa maana yake: usiku kufunga mbegu kwenye kamba, alfajiri kuteka maji na kutafuta kuni, kisha kuwahi ufukweni kabla maji hayajapwa, na huko ni kuinama mpaka bahari irudi. Nikamngoja. Alirudi adhuhuri imeshaingia, khanga zimeroa mpaka kiunoni.

Nikamwuliza mtoto alikula nini asubuhi. Akasema, "Chai, Mwalimu. Mkandaa." Na jana usiku? Jana usiku walikula muhogo mapema, kwani mafuta ya taa yalikuwa haba. Kwa hiyo mtoto yule tangu magharibi ya jana hadi saa tatu ya leo alikuwa na maji ya moto, majani ya chai na sukari.

Na hapo, msikilizaji, ndipo macho yangu yalipoanguka kwenye kikapu kidogo cha ukili kilichowekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Ndani yake kulikuwa na mayai 14, safi, ya kuku wa nyumbani. Sikuweza kujizuia, nikasema, "Mbona mayai munayo?" Yule mama akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mtoto. "Hayo ya duka, Mwalimu. Nikiyapeleka ndiyo napata sukari na unga na majani ya chai."

Sikuwa na la kumjibu. Nilitembea kurudi skuli nikiwa na hasira, kwanza nikidhani namkasirikia yeye. Lakini njiani nikakumbuka kwamba siku nne tu kabla yake nilipata wageni kutoka Unguja, nami nikawapikia mkate wa mayai. Mayai 10, msikilizaji. Wageni walikula wakasifu, na vipande vilivyobaki nikavifunga wakavichukua safari. Asubuhi ile wanangu wenyewe walikwenda skuli na chai na boflo kavu. Kwa hiyo mayai ya yule mama yalikwenda dukani, na yangu mimi mwenye mshahara yalikwenda kwa wageni. Kwa watoto hayakufika popote.

Yule mtoto leo ni baba wa watu. Hukutana naye sokoni, na hunisalimu kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu." Hajapata kunikumbusha ile rula, nami sijapata kumwomba radhi. Kama ananisikiliza asubuhi hii, basi ajue kwamba ni yeye ninayemsema, na kwamba naomba anisamehe.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe.

Sisi watu wa Pemba hatukuwa hivi tangu zamani. Wazee wetu asubuhi walikula kiporo: muhogo wa jana, au jimbi, au shelisheli la kuchemsha, pamoja na mchuzi wa samaki uliolala, au dagaa. Siku nyingine kunde zilizobaki. Nasema wazi ili nisije nikaeleweka vibaya: mwenye muhogo na samaki nyumbani kwake asubuhi hana haja ya vikeki vyangu, na wala asiache chakula chake kwa sababu ya maneno ya redio. Amekwisha pata cha kutia nguvu na cha kujenga mwili pamoja.

Lakini tuseme ukweli, ni nyumba ngapi za mjini leo zinakula hivyo? Watoto wenyewe wanakuona wa zamani ukiwapa kiporo. Chakula chetu cha asubuhi kimekuwa ni unga wa ngano, na ngano haioti Pemba hata mkungu mmoja, nisameheni, hata suke moja. Maandazi, chapati, boflo, tosti. Haya yote ni wanga, na tukiyachovya katika chai ya sukari tunaongeza utamu juu ya wanga. Vinamshibisha mtoto upesi, na vinamwacha upesi. Andazi moja dogo lina protini gramu 3 hivi. Mtoto wa miaka 7 au 8 anahitaji gramu 20 na ushei kwa siku ili akue. Hesabu hiyo mwanafunzi wa darasa la nne anaiweza, akiwa hakulala.

Tena protini ya ngano ina kasoro. Protini imejengwa kwa vijenzi vingi vidogo vidogo, na ngano ina kidogo sana cha kimoja kinachoitwa laisini. Kijenzi hicho kimo kwa wingi katika kunde, dengu, choroko, mayai, maziwa na samaki. Ndiyo maana mtu akichanganya unga wa ngano na unga wa dengu anapata chakula bora kuliko angekula kila kimoja peke yake. Wapishi wetu wa bajia wana unga huo wa dengu madukani mwao kila siku. Tunaula jioni kama kitafunio, hatukumbuki kuupa kazi asubuhi.

Jambo jingine ni damu. Neno safura si geni kwetu. Katika miaka ya 1990 watoto wa skuli za Pemba walipimwa sana, na ilionekana kwamba upungufu wa damu ulikuwa mwingi mno miongoni mwao, na kwamba minyoo ya safura, ile inayoingia kupitia ngozi ya miguu, ilikuwa sababu mojawapo kubwa. Mnyoo huyo ananyonya damu tumboni, na pamoja na damu yanakwenda madini ya chuma. Ile maabara ya afya ya jamii iliyopo Wawi, iliyofunguliwa mwaka 2000 na kupewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa Kitaliana wa vijidudu vya tumboni, imejengwa hapa kwetu kwa sababu ya maradhi kama hayo. Basi mtoto mwenye minyoo ukimpa vikeki kumi kwa siku, unawalisha na minyoo vilevile. Ampe dawa kwanza, avae viatu, na choo kitumike.

Na chai nayo ina lawama yake hapa. Majani ya chai yana ukakasi ambao ukikutana na madini ya chuma ya kwenye kunde, mboga na nafaka, huyakamata yasiingie mwilini. Kinyume chake, tunda lenye ukali kama chungwa husaidia yaingie. Kwa hiyo mtoto anayekula kunde na kushushia kwa chai ya rangi iliyokolea anajenga kwa mkono wa kulia na kubomoa kwa mkono wa kushoto. Siwaambii muache chai. Mimi mwenyewe siwezi. Nawaambia chai ya mtoto iwe nyepesi au iwe ya maziwa, au asubuhi anywe maji na chungwa, na chai angoje akirudi. Machungwa ya Pemba tunayapakia majahazini kwenda kuuzwa, tukabaki kununua maji ya rangi ya machungwa ndani ya chupa. Hilo nalo ni la siku nyingine.

Kuna mzazi atakayesema, kama ni madini ya chuma, si ninunue vidonge? Tafadhali usifanye hivyo kwa kukisia. Utafiti mkubwa uliofanyika hapa hapa Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 ulionesha kwamba kuwagawia watoto wadogo wote vidonge vya madini hayo, bila kujua nani anavihitaji na nani havihitaji, mahali palipokuwa na malaria nyingi, kulileta madhara: waliolazwa hospitali au kufariki walikuwa wengi zaidi katika kundi lililopewa vidonge. Mpeleke mtoto kituo cha afya apimwe damu. Chakula hakina hatari hiyo.

Haya, vikeki.

Nilianza kuvipika miaka michache baada ya kisa kile, pale nilipogundua kwamba sisi wanawake wa visiwa hivi tunajua kuoka kuliko tunavyojipa sifa. Mkate wa mayai tunaupika bila jiko la umeme: mayai na sukari vinapigwa mpaka mkono unakufa ganzi, unga unatiwa taratibu na iliki, sufuria inakaa juu ya makaa machache na makaa mengi yanapaliwa juu ya mfuniko. Moto juu na moto chini. Mkate wa kumimina vilevile. Utaalamu tunao, ila tumeuwekea kufuli, tunaufungua mwezi wa Ramadhani na siku ya wageni. Vikeki vyangu ni mkate wa mayai uliopunguziwa mayai na sukari na ukaongezwa ndizi na dengu, ukaingia katika siku za kawaida.

Chukua kalamu, au mwite mtoto aandike.

Ndizi 4 za kiasi, zilizoiva mpaka ganda limepiga madoa meusi. Zile ambazo muuzaji anataka kuzitupa, hizo hizo. Mtwike nzuri, pukusa nzuri. Kama ni kisukari chukua 7 au 8 kwa kuwa ni ndogo. Ziponde kwa uma. Vunjia mayai 3, tia mtindi nusu kikombe, mafuta ya kupikia robo kikombe, na sukari vijiko 3 vya kulia. Usiniongezee sukari, ndizi zilizoiva zina utamu wake. Koroga mpaka vichanganyike.

Katika bakuli jingine chekecha unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, unga wa dengu nusu kikombe, bekingi pauda vijiko 2 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi kidogo na iliki. Unga wa dengu kwanza uukaange mkavu katika kikaango kwa dakika chache mpaka utoe harufu ya njugu, usije ukaungua. Usipoukaanga vikeki vitakuwa na harufu ya ubichi na watoto watavikataa, kisha utasema mama wa redio amekudanganya. Tia pia nusu kikombe cha njugu nyasa zilizokaangwa na kutwangwa. Nimesema zilizotwangwa, maana njugu nzima kwa mtoto mdogo ni hatari ya kumkaba. Na njugu yenye ukungu, au iliyobadilika rangi, au yenye uchungu, itupe. Usimpe hata kuku. Sumu kuvu haionekani kwa macho na haiondoki kwa moto. Watu walikufa Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na Pemba kwa unyevu wake si mahali pa kuweka njugu gunia zima kwa miezi. Nyumba ambayo mtoto wake anavimba au kuwashwa akila njugu, aziache kabisa, aongeze dengu.

Mimina vile vya majimaji ndani ya unga. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu mkono umezoea mkate wa mayai unaotaka kupigwa. Hivi havitaki. Koroga kwa mwiko mara chache tu, mpaka usione unga mkavu, uache hata kama bado kuna mabonge madogo. Ukipiga sana vinakuwa vigumu kama mpira.

Kama una vile vibati vya vikombe vya keki, vizuri. Kama huna, makopo madogo safi yasiyo na kutu yanafaa. Mimi navitandika jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika. Havigandi, na vinanukia. Jaza theluthi mbili. Chukua sufuria kubwa, tandaza mchanga mkavu chini unene wa vidole viwili, iweke motoni ipate moto kwanza, kisha panga vikopo juu ya mchanga, funika, palia makaa juu. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Vifuu vya nazi vinatoa makaa mazuri sana kwa kazi hii, na havina bei. Baada ya dakika 25 hivi chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, epua. Mwenye jiko la umeme aweke moto wa kiasi, dakika 20 zinatosha.

Utapata vikeki 12. Nimepiga hesabu ya vilivyomo, nikaona kila kimoja kina protini gramu 6 hivi. Mtoto akila 2 na chungwa amepata gramu 12, nusu ya haja yake ya siku au zaidi, na bado hajala mchana wala usiku. Hayo ni mayai 3 tu. Yule mama wa kikapu angetoa mayai 3 kati ya 14, akabakiwa na 11 ya kupeleka dukani. Sikujua kumwambia hivyo siku ile.

Sasa yale mtakayoniandikia, nawajibu mapema.

Utasema asubuhi huna nafasi. Ni kweli, na mimi sikuambii uoke asubuhi. Vikeki vinaokwa usiku, wakati jiko la chakula cha usiku bado lina makaa, watu wakisha sali isha. Asubuhi mtoto anavichukua mwenyewe, hata kama wewe uko pwani au unapanga foleni ya gari ya Konde. Msimu wa karafuu, wakati nyumba nzima inatoka alfajiri kwenda kuchuma, vinatiwa mkobani pamoja na maji. Usiuache uji wa unga uliokwisha changanywa ulale mpaka asubuhi, kwani bekingi pauda itakuwa imemaliza nguvu. Ukipenda kugawa kazi, changanya vikavu usiku, na vya majimaji ukiamka.

Vinakaa siku ngapi? Viache vipoe kabisa, vifunike kwa kitambaa, si kwa mfuko wa nailoni vikiwa na moto. Siku mbili. Ya tatu kwa joto letu sithubutu, isipokuwa mwenye friji.

Matunda mengine yanafaa? Embe bivu lililokamuliwa linafaa sana wakati wa msimu, boribo hasa, ila punguza mtindi kwa sababu lina maji. Fenesi linafaa. Shelisheli lililoiva likawa laini na tamu nimelijaribu, si baya. Doriani nililijaribu mara moja. Vikeki vilikuwa vitamu, nasema kweli, lakini harufu ilitoka ndani ikaenda barabarani, na jirani yangu, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuja kubisha hodi kuuliza kama pana kitu kimekufa. Sijarudia.

Na tunda likipikwa linapoteza sehemu ya ile vitamini iliyokuwa ikilisaidia damu. Ndiyo maana nasema chungwa liliwe bichi, pembeni. Kikeki hakichukui nafasi yake.

Utasema mayai ni ghali mjini. Mayai ya trei yana bei, sibishi. Basi tumia mayai 2 na uongeze mtindi kidogo, au unga wa kunde ubadili wa dengu. Fanya hesabu ya nyumba yako. Lakini kabla hujaniambia ni ghali, jumlisha kwanza zile pesa unazompa mtoto kila siku kununulia barafu ya rangi na ubuyu saa ya mapumziko. Jumlisha za wiki. Nilimfanyia hesabu hiyo mama mmoja hapa mtaani, akanyamaza, akasema, "Hebu nipe huo upishi."

Wewe unayenunua gazeti na kusoma maneno haya ofisini, na ambaye asubuhi umekunywa chai ya kusimama na chapati kibandani, nawe pia nakusema. Ikifika saa nne unapiga miayo juu ya mafaili, na wananchi wamejipanga dirishani. Tia vikeki viwili mkobani mwako.

Na wakuu wetu wa elimu nina neno moja kwao. Tarehe 23 Septemba 1964 ilitangazwa kwamba elimu katika visiwa hivi ni bila malipo, na mimi ni mmoja wa waliosoma kwa neema hiyo. Tumejenga madarasa, tumeongeza walimu. Lakini mwalimu anayeingia darasani saa tatu ni lazima ajue kwamba baadhi ya vichwa vilivyolala juu ya madaftari vina njaa. Chuo cha ualimu kilinifundisha namna ya kupanga somo na namna ya kutunza nidhamu. Hakuna aliyenifundisha kuuliza, "Umekula nini?" Swali hilo halihitaji bajeti, naomba walimu vijana waanze nalo kabla ya kushika rula.

Jana jioni nilioka vikeki 24, mara mbili ya kipimo, kwa ajili ya majaribio ya mazungumzo haya. Asubuhi ya leo yule mtoto wa jirani alipita tena. Nikampa viwili na chungwa. Aliviangalia, akanusa, akauliza, "Bibi, leo una wageni?"

Nikamwambia sina mgeni. Wenye maswali andikeni kwa njia ya kawaida, nitayajibu wiki ijayo panapo majaaliwa.